Nyapara na Keekee ya Watu Wawili

Hadithi hii inanifanya nionekane mjinga. Nasema mapema, usije ukafika katikati ukadhani umegundua mwenyewe.

Mkono wangu wa kulia haukunji ngumi. Vidole vinakuja, vinakuja, halafu vinasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Watu wakiniuliza nawajibu kadiri nilivyoamka siku hiyo. Wageni wa stesheni wanajua niling'atwa na fisi. Mashemeji zangu wanajua nilimpiga bondia wa Mwanza. Mwalimu wangu wa zamani nilimwambia ni kwa sababu ya kuandika sana, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, maana anajua niliishia darasa la nne na daftari likiwa nusu.

Ukweli ni kwamba mkono huu ulivunjwa na mashine niliyoichagua mwenyewe, na aliyeizima ni mtu niliyemchukia kuliko wote Tabora nzima. Na kwa muda mrefu nilikuwa na swali moja tu juu yake: siku ile aliuacha mkono wangu usagike kwanza, makusudi, au hakuuacha?

Tulimwita Nyapara. Jina alikuwa nalo, maana Wamoravian walimbatiza kama wengine, lakini sijamsikia mtu akilitumia, hata mkewe. Alikuwa msimamizi wetu katika karakana ya tajiri mmoja Singasinga, nyuma ya stesheni. Tulitengeneza milango na mapaa, na umeme ulipoanza kuingia nyumba za mjini tukawa tunatoboa mbao kupitisha mabomba ya nyaya. Tulikuwa watu kumi na mmoja chini yake. Kumi walimwogopa. Mmoja, ambaye ni mimi, alimwogopa na kumcheka.

Kiangazi na masika alivaa koti la mvua. Lile jua la Oktoba linalofanya kuku watembee midomo wazi, yeye kajifunga vifungo mpaka shingoni. Mimi nilisema anaficha mkia. Masanja, rafiki yangu wa pale kazini, alisema anaficha chakula, na Masanja alikuwa karibu na ukweli. Katika mfuko wa koti lile mlikuwa na chupa ya asali, misumari ya tajiri, kiko, tumbaku, na kitabu cha nyimbo za kanisa, vyote vimeshikamana kwa sababu chupa ilikuwa inavuja. Asali hiyo hakumpa mtu. Ukimwangalia akilamba kidole, anakugeuzia mgongo polepole, kama mlango mzito.

"Njaa yako haijanisalimia," anasema. "Siijui."

Mdomo wake ulikuwa mchafu, lakini mchafu wa mtu anayepanga vitu. Hakutukana ovyo. Alikaa na wewe wiki nzima, anakutazama, halafu siku moja anakupa jina lako na umekwisha. Masanja alimwita Gunia, kwa sababu anasimama pale ulipomwacha. Fundi wa plasta alimwita Mjane, na sikujua kwa nini mpaka nilipomwona mke wa fundi huyo akimpita mumewe kama kaburi. Mimi niliitwa Darasa la Nne, analitamka kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya wageni.

"Darasa la Nne, lete randa. Darasa la Nne, hebu soma hapa kwenye boksi, wameandika wewe ni mjinga au nimeota?"

Jumapili mdomo uleule uliimba sauti ya chini kanisani, tamu, inayotikisa mabenchi. Nilikwenda mara moja kumcheka, nikarudi nimenyamaza, na hilo nalo nilimchukia kwalo. Mtu unayemchukia asiimbe vizuri.

Kuna siku tajiri alikuja amekasirika, akaanza kumtukana yule fundi wa plasta mbele yetu kwa sababu ya ukuta uliopasuka. Nyapara akaweka nyundo chini, akaja akasimama katikati yao, koti limefungwa mpaka juu.

"Bwana," akamwambia, "hawa nawatukana mimi. Wewe unawalipa."

Tajiri akaondoka. Nyapara akageuka, akamtukana fundi wa plasta palepale, zaidi ya alivyokuwa ametukanwa, na vizuri zaidi.

Desturi yake iliyotuudhi kuliko zote ni ya kupima. Chombo chochote kikiingia karakana, msumeno, nyundo, hata ngazi, anamkabidhi mtu akinyanyue juu ya kichwa, mikono imenyooka, akae hivyo mpaka yeye Nyapara amalize kiko kizima. Kiko kikizimika anakuuliza: kizito wapi? Si kizito kiasi gani. Kizito wapi. Ukishindwa kujibu, anawasha kingine.

Mambo hayo aliyatoa kwa wapagazi wa zamani, waliopita hapa na pembe za ndovu kwenda pwani. Alitusimulia kila tukikosea. Alfajiri, anasema, mizigo imepangwa chini, vijana wanakimbilia midogo. Midogo ndiyo iliyojaa risasi. Jua likipanda unaona mtu analia na kamzigo kama mkate. "Mzigo usiuchague kwa macho. Macho hayana bega." Na mzee aliyejua safari, anasema, alichagua ule mkubwa kuliko yote, ule unaofungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. "Mzigo wa watu wawili hauui mtu. Ukianguka, yupo wa kusema umeanguka."

Siku niliyoajiriwa alinipa ubao wa mninga ninyanyue. Mninga si mti, mninga ni jiwe lililokubali kuota majani. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likaingia macho, yeye anavuta kiko taratibu kama yuko harusini.

Nikamwambia, "Nyapara, hivi hawajakuambia? Wamejenga reli."

Karakana nzima ikacheka. Yeye akaangalia kiko kimekwisha, akapiga majivu kwenye kisigino, akajaza tena.

Ndivyo tulivyoanza.

Kitu kimoja tu duniani kilimshinda, nacho ni umeme. Taa ya karakana aliiwasha kwa mpini wa ufagio. Waya ukilala sakafuni, hata haujaunganishwa popote, anazunguka mbali, anapitia nje mvuani, aingie kwa mlango wa nyuma. "Nyoka ana kichwa na mkia, unajua upande wa kukimbilia," alisema. "Huyu ana kichwa kila mahali." Fundi mmoja alikuwa amekufa kwa umeme mbele yake, miaka ya nyuma, kazi ya kwanza ya umeme waliyofanya. Hilo nililijua. Kila mtu alilijua. Na bado siku moja nilichukua kipande cha waya mfu, urefu wa kalamu, nikakitumbukiza mfukoni mwa koti lake.

Alipoingiza mkono kutafuta kiko alipiga kelele ya mtoto. Akalivua koti, akalitupa, akakimbia mpaka barabarani. Ndiyo siku tuliyoona kilichokuwa chini ya koti: shati lililotiwa viraka mpaka shati lenyewe limebaki kwenye kola tu, viraka vimeshonwa vizuri, kwa mkono. Mkia hakuwa nao. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshaanza.

Alinishitaki kwa tajiri, nikafagia vumbi la mbao mwezi mzima. Nami nikamlipa: nikaacha kumwamkia. Mtu wa umri wa baba yangu, nikawa nampita asubuhi na kumwambia, "Habari za saa hizi, Nyapara," kama tumetahiriwa pamoja. Huku kwetu hilo ni kofi lisilo na mkono. Naye akawa anapita kama aliyesalimiwa na kuku. Ikaenda hivyo miaka miwili.

Uelewe shikamoo ilikuwa nini kwake. Hakuna shikamoo aliyoiacha bila kuijibu. Mlevi akimwamkia, anajibu. Nilimwona kwa macho yangu akipigana na muuza mkaa mbele ya karakana, wameshikana kola, mate yanaruka, kukapita katoto ka kike kamebeba maji. "Shikamoo babu." Nyapara akasimamisha ngumi hewani, akageuka, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" akangoja kajibu hakajambo, halafu akarudi kumpiga muuza mkaa. Muuza mkaa naye alikuwa amemngoja.

Sasa keekee, mashine ya kutobolea mbao.

Nyuma ya soko kulikuwa na nyumba ya zamani ya Mwarabu, ya siku za misafara, mfanyabiashara mmoja akainunua, akataka taa kila chumba. Dari lake ni boriti za mninga, nyeusi kwa moshi, na wazee walioijenga walizipanga karibukaribu kama meno. Kati ya boriti na boriti, shubiri mbili. Keekee ya umeme ya kawaida haiingii: ukitia mashine, hakuna nafasi ya jino lake la kutobolea, ukitia jino, mashine inabaki nje. Inatakiwa ile ya pembe, ambayo kichwa kimepinda kama kiwiko, wewe unashika huku, yenyewe inatoboa kule.

Tajiri akasikia mgodi mdogo wa dhahabu upande wa Nzega umekwisha na vyombo vyake vinapigwa mnada. Keekee za pembe zipo mbili. Akatuita.

"Nyapara anajua miti. Huyu anajua kusoma. Nendeni. Atakayenichagulia keekee nzuri ndiye ataongoza kazi ya nyumba ile, na mwenzake atakuwa chini yake. Nimechoka na vita vyenu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyowekwa. Mmoja arudi mkubwa, mmoja arudi mdogo.

Tulipanda lori, Masanja katikati yetu. Njia nzima mpaka Nzega hatukusema neno ila kwa kupitia kwake.

"Gunia, mwambie huyo Darasa la Nne aondoe goti lake."

"Masanja, mwambie Nyapara goti nimezaliwa nalo."

"Mwambie ndiyo kitu pekee alichomaliza kukua."

Masanja alitazama pamba mashambani pande zote mbili.

Keekee mbili zilikuwa juu ya meza. Moja ndogo, ya kijani, inang'aa, unaishika kwa mkono mmoja kama unavyomshika ndege kanga miguuni. Ya pili nyeusi, imechubuka, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ina mpini nyuma na bomba la chuma limechomoza ubavuni kama pembe ya swala. Hiyo ya pili ukiinyanyua unamkumbuka mama yako.

Nikasoma vibati vyake. Vilikuwa vimeandikwa zinazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Ya kijani ilikuwa na namba kubwa mara nne ya ile nyeusi. Nikasoma kwa sauti, nikarudia, watu wakageuka. Mimi darasani nilifundishwa kwamba namba kubwa ndiyo inayoshinda.

Nyapara hakusikiliza. Alikuwa amekwisha kulinyanyua lile dude jeusi juu ya kichwa, waya wake umefunguliwa na kuwekwa kando hautishi mtu, kiko mdomoni, mikono imenyooka, macho amefumba.

Mnadi akauliza, "Mzee anaomba mvua?"

"Hapana," nikasema, "anasubiri msafara kutoka Ujiji."

Mnada mzima ukalipuka. Watu walishikana mabega. Nyapara akavuta mpaka tumbaku ikaisha, akaliteremsha, akaegemeza lile bomba la ubavuni kwenye mguu wa meza, akasukuma kwa nguvu. Meza ikasogea. Akasema, safari hii bila Masanja:

"Hii ikikasirika, bomba hili linampiga mti. Halimpigi mtu. Na mwenzako anashika huku nyuma. Hiyo ya kwako ikikasirika itampiga nani?"

"Yangu haikasiriki, Nyapara. Inakimbia."

"Watu wawili wanaitosha hii."

"Ndiyo ubaya wake! Watu wawili wa nini, kama mmoja anatosha?"

Wakarudishia waya, wakaleta umeme wa injini, tukazijaribu kwenye ubao. Ya kijani ilipita kama kidole kwenye uji. Lile jeusi liliguna, likazunguka polepole kama bibi anayepanda ngazi, likafika nyuma mwenzake kashapumzika. Watu wakanipigia makofi. Nikainunua ya kijani kwa jina la tajiri.

Nyapara aliuokota ule ubao tuliotoboa, akaukwangua kwa ukucha, akaunusa.

"Mti laini, wa sanduku la chai," akasema. "Umeipa mtihani wa darasa la nne, imefaulu."

Tuliporudi nilimweleza tajiri kwa namba. Akamgeukia Nyapara. "Wewe unasemaje?"

"Ni nyepesi," Nyapara akasema.

Tajiri akadhani anaisifu. Nikawa mkubwa.

Plagi ya mgodini ilikuwa na miguu minene, haikuingia kwenye soketi ya nyumba ile. Nikaikata. Nikamenya nyaya mbili, nikazichomeka uchi kwenye matundu ya soketi, nikazikaza kwa njiti za kiberiti. Mafundi wengi walifanya hivyo, mimi si wa kwanza. Nyapara alisimama mlangoni akinitazama kama mtu anayeona nyoka ndani ya mbeleko.

Nikamtafutia kazi. Nikamwambia mbele ya wote, "Nyapara, wewe kaa hapo ukutani uchunge waya. Mbuzi wasije wakaukanyaga."

Masanja akatazama chini. Nyapara akaleta debe, akaligeuza, akakaa hatua tatu kutoka kwenye soketi, koti limefungwa, mikono magotini. Akakaa siku ya kwanza. Akakaa siku ya pili. Kila nikishuka namwuliza, "Mbuzi wamepita?" na yeye macho yako kwenye soketi.

Siku ya tatu mashine ilikuwa inanuka moshi, lakini inakwenda. Mchana nikawaambia wote waende kula; Nyapara peke yake akabaki kwenye debe lake. Nikasema hii ni keekee ya mtu mmoja, sihitaji wa kunihesabia matundu. Nilikuwa juu ya ubao uliowekwa kwenye mapipa mawili, kichwa na mikono kati ya boriti. Mashine ile ina kitufe, ukikibonyeza inabaki imewaka yenyewe, kidole kipumzike. Nikakibonyeza.

Jino likakutana na fundo la mninga. Likasimama.

Jino lilisimama, mashine haikusimama. Ikawa basi izunguke yenyewe. Mpini ukaja na mkono wangu, ukaupeleka mpaka kwenye boriti ya pili, ukaubana pale, na bado mota inasukuma. Nilisikia mlio, nikadhani ni mbao. Kile kitufe kilikuwa chini ya kiganja changu kilichobanwa. Mkono wa kushoto haukufika, boriti ilikuwa katikati.

Nilimwita mama kwanza. Halafu nikamwita Masanja, ambaye alikuwa ng'ambo ya barabara na tonge mkononi. Halafu nikatazama chini.

Nyapara alikuwa amesimama. Alikuwa mbele ya soketi, mikono ameinyoosha, haigusi kitu. Hakunitazama mimi. Alitazama ukuta.

"Zima!" nikasema.

Akabaki vile.

"Nyapara, zima! Vuta!"

Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilisema moyoni, anacheka. Mfupa ukalia mara ya pili, na hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa, anachongojea. Miaka miwili ya habari za saa hizi. Nikavuta pumzi yote niliyobakiwa nayo, nikapiga kelele ambayo mpaka leo sokoni wanaiigiza:

"Shikamoo!"

"Marahaba," akasema Nyapara.

Mashine ikafa.

Masanja alinishusha. Nilipelekwa hospitali ya Kitete, nikafungwa plasta kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko. Alikuja tajiri, akaja Mjane wa plasta, wakaja hata wauza vitumbua. Nyapara hakuja. Niliporudi mtaani watoto walikuwa wamekwisha kuupata mchezo: mmoja anajifanya mashine, mwingine anaamkia. Nyapara alikuwa amerudishiwa ukubwa. Alimtafuta mtu wa Nzega aliyenunua lile jeusi, akalipata, na boriti zote zikatobolewa na watu wawili, mmoja huku mmoja huku, polepole, bomba limeegemea mti. Kazi aliyonipa mimi ni ya yule wa nyuma. Nilishika kwa kushoto. Hakunisema, hakunicheka, hakunitazama. Nilitamani anitukane. Mwisho wa mwaka akaacha kazi, akahamia Kigwa kwa nyuki wake, na sikumuaga.

Ile keekee nyeusi tuko nayo mpaka leo, mimi na Masanja. Majuzi tuliitwa kazi upande wa huko, treni ikatuteremsha Kigwa asubuhi, na ya kurudi ni jioni. Masanja akasema twende tukamsalimie mzee. Nikamwambia mimi sendi kusalimia, nakwenda kuuliza.

Tulimkuta mbele ya nyumba yake anachonga mzinga wa nyuki, koti lilelile. Amepungua, koti limebaki kama lilivyo. Masanja akamwamkia, akajibiwa. Mimi nikamwamkia mkewe, aliyekuwa anachochea moto. Nyapara akanitazama.

"Darasa la Nne. Chai bado unakunywa kwa kushoto?"

"Nimekuja na swali moja," nikasema. "Siku ile ulisimama. Ulikuwa karibu na soketi kuliko mimi na pua yangu, ukasimama. Uliniacha mpaka nikuamkie?"

Mkewe akaacha kuchochea. Nyapara akatoa kiko, akajaza, akashindilia kwa kidole gumba. Akainama motoni, akachukua kaa jekundu kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayechagua karanga, akaliweka juu ya tumbaku na kulishikilia pale. Akavuta. Nikasema moyoni, mzee haachi maonyesho.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuacha. Na ungechelewa ningekaa chini kabisa."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, kwa kuwa mama wa watu alikuwa pale. Yeye alicheka, mara ya kwanza namwona akicheka, meno matatu. Tulipoinuka alimpa Masanja chupa ya asali. Nikamtazama.

"Wewe njaa yako haijanisalimia," akasema, akageuza mgongo.

Mkewe alitusindikiza, kama ilivyo desturi, mpaka njia panda ya stesheni. Masanja alitangulia. Mama yule akanishika mkono huu mbovu, akaugeuza juu chini.

"Masika unauma?"

"Unauma sana, mama."

"Wake hauumi. Ndiyo shida." Akaniachia. "Umemwona anavyoshika kaa? Vidole vile viwili vilikufa kwenye nyaya zako za njiti. Hasikii kitu. Mimi ndiye nanusa ngozi, namwambia tupa. Alisimama kwa sababu aliogopa, mwanangu, alikuwa anasali. Ila usije ukamwambia unajua. Yeye anaona afadhali umchukie."